Maji ya msingi yanaenda wapi? Historia ya kukausha shantie, kutoka Kipushi mpaka kwenye parseli zetu



Wakati wa mvua uliopita, jirani yetu mmoja alianza kujenga. Ni mama aliyefika hapa mjini na watoto wake wanne, akitokea upande wa Pweto. Alikuwa amenunua kipande cha parseli mahali pa chini, karibu na kijito, kwa sababu huko bei ni ndogo. Siku ya kwanza masoni walichimba msingi, na udongo ulikuwa mkavu. Asubuhi ya pili walikuta maji mpaka magotini. Usiku ule mvua haikunyesha. Maji yalikuwa yametoka chini.

Walikodi pompi ndogo ya petroli, ikavuta tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Msingi ukakauka, kila mtu akafurahi. Lakini mpira wa pompi ulikuwa umeelekezwa nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta anakaa mzee mmoja katika nyumba ya matofali mabichi. Jioni mzee akaja kulalamika: choo chake kimejaa, ukuta wa jiko umeanza kulowa. Na asubuhi iliyofuata msingi wa mama ulikuwa na maji tena, kama vile hakuna kazi iliyofanyika.

Watu walikuwa karibu kugombana. Kuna maneno yalisemwa siku ile ambayo siyaandiki hapa: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, nani alimwita nani. Mzee mwenyewe ndiye aliyetuliza. Zamani alifanya kazi ndani ya mgodi, anajua maji. Akaniambia: "Mayi haiishake, mwana. Inahamaka tu."

Neno hilo ndilo lilinifanya nitafute historia ya jambo hili. Mji wetu umekuwa ukitoa maji ardhini kwa zaidi ya miaka mia moja, katika migodi mikubwa na katika misingi ya nyumba ndogo. Na kila mara swali ni lile lile: ukishayatoa, yanaenda wapi, na nani anayapokea?

Ardhi yetu na maji yake

Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mtu anaweza kufikiri kwamba mji ulio juu hivyo hauwezi kuwa na shida ya maji. Lakini tunapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka katika miezi mitano au sita, tangu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa nne. Kisha kiangazi kinakuja na mbingu inafungwa kabisa.

Tufanye hesabu ndogo. Parseli ya mita 20 kwa mita 25 ina mita za mraba 500. Mvua moja kubwa ya milimita 50 ikiangukia parseli hiyo, ni litre 25,000 za maji. Ni bidoni 1,250 za litre 20, katika mchana mmoja, kwenye kiwanja kimoja. Sehemu ya maji hayo inakimbilia kwenye kanivo, kama kanivo ipo na haijazibwa. Sehemu inakauka kwa jua. Sehemu inayobaki inazama ndani ya udongo wetu mwekundu, inashuka polepole, mpaka inafika mahali ambapo udongo na mawe yamekwisha kujaa maji. Huo ndio usawa wa maji ya chini. Visima vyetu vinaonyesha usawa huo: mwezi wa kumi kamba inashuka sana, mwezi wa tatu maji yanakaribia mdomo wa kisima.

Mahali pa chini, kando ya vijito, kuna yale mabonde ya majani tunayoita dembo. Pale usawa wa maji uko karibu na uso wa ardhi sehemu kubwa ya mwaka. Ukichimba msingi katika dembo, umechimba kisima bila kutaka.

Maji haya yana safari yake. Mto Lubumbashi, uliotoa jina la mji wetu na la komini yetu, unaingia katika mto Kafubu. Kafubu inaingia Luapula. Luapula inaingia ziwa Mweru. Maji yanatoka ziwani kwa mto Luvua, pale Pweto, yanakwenda mpaka Lualaba, kisha mto Kongo, kisha bahari. Kwa hiyo yule mama aliyekimbia Pweto, maji yaliyokuwa ndani ya msingi wake huku Lubumbashi yalikuwa njiani kwenda kwao.

Mji wa 1910

Mji ulianzishwa mwaka 1910 na mkoloni Mbelgiji Emile Wangermée, ukapewa jina la Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi lilirudi mwaka 1966. Mwaka ule wa 1910 reli kutoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika hapa. Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1911 kiwanda cha Union Minière kando ya mto Lubumbashi kilimwaga shaba yake ya kwanza. Shaba hiyo ilitoka kwenye mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wazee wanauita Kalukuluku.

Wabelgiji walichora mji wao kwa mistari iliyonyooka, avenyu na avenyu, wakaweka watu weusi mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mji wa Waafrika ulihamishiwa mahali panapoitwa leo Kamalondo, na kati ya miji miwili kukaachwa ardhi tupu ili watu wasichanganyike. Baadaye zikaja Kenya, Katuba na Ruashi. Tangu mwanzo basi, mahali pa kujenga hapakuchaguliwa na yule atakayelala pale.

Jambo moja babu zetu walilijua bila kitabu. Angalia vichuguu vikubwa vya mchwa vya pori letu la miombo, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wa kichuguu ndio uliochomwa kuwa matofali ya nyumba nyingi za mji huu, na mpaka leo wachoma matofali wanautafuta. Ni udongo mzuri kwa sababu unashikana. Lakini tofali bichi, lisilopita motoni, likikaa ndani ya maji linarudi kuwa matope. Ndiyo maana kumwagia jirani maji nyuma ya ukuta wake si jambo dogo. Mwenye nyumba ya simenti atapata doa ukutani. Mwenye nyumba ya matofali mabichi anaweza kupoteza nyumba.

Kwa nini pompi inakataa

Kabla ya kurudi kwenye migodi yetu, tutoke kidogo nje, kwa sababu kuna somo la miaka karibu 400 ambalo linahusu kila shantie ya hapa.

Katika karne ya 17, mafundi wa pompi wa Florence, huko Italia, walikuwa na shida. Pompi yao ya kuvuta ilipandisha maji vizuri mpaka karibu mita kumi, kisha ikakataa. Hata wakitengeneza pompi kubwa zaidi, maji hayakupita hapo. Mwaka 1643 na 1644 Evangelista Torricelli, aliyekuwa msaidizi wa Galileo, alieleza sababu. Pompi haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inatoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Uzito huo una mwisho. Ukiwa kando ya bahari, mwisho ni karibu mita kumi.

Sisi hatuko kando ya bahari. Hapa juu hewa ni nyepesi, na mwisho huo unashuka mpaka karibu mita tisa, hata kwa pompi isiyo na kasoro. Pompi ya kawaida ya shantie, yenye mpira unaovuja kidogo na maungio yaliyochoka, itafanya kazi vizuri mpaka mita sita, labda saba. Nimewaona vijana wakiweka pompi juu ya shimo refu la choo, inanguruma, haitoi kitu, na wao wanalaumu mashine. Mashine haina kosa. Ni lazima ishuke karibu na maji, au itumike pompi ya kuzamisha, ambayo inakaa ndani ya maji na kuyasukuma kwenda juu. Kusukuma hakuna mwisho ule wa mita tisa.

Lakini angalisho, ndugu zangu: pompi ya petroli au jenereta haishushwi ndani ya shimo na watu. Moshi wake hauonekani vizuri, na unaua mtu kimya kimya kabla hajajua kinachompata. Na waya wa umeme uliochubuka ndani ya maji unaua haraka zaidi.

Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen aliwasha mashine ya mvuke iliyotoa maji katika mgodi wa makaa ya mawe. Watu wengi wanafikiri mashine ya mvuke ilizaliwa ili kuendesha treni. Hapana. Ilizaliwa ili kukausha shimo. Treni ilikuja karibu miaka mia moja baadaye.

Na treni nayo ikakutana na maji. Katika miaka ya 1830, Robert Stephenson alipokuwa akijenga reli ya London na Birmingham, wachimbaji wa tuneli ya Kilsby waligonga mchanga uliojaa maji, ukaporomoka ndani ya kazi yao. Stephenson hakupigana na maji ndani ya tuneli peke yake. Alichimba mashimo juu, kandokando, akaweka mashine za mvuke, na akayavuta maji kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Aliona kwamba usawa wa maji ulishuka pote kuzunguka, si pale pompi ilipokaa tu. Huko ndiko ilikotoka njia ambayo shantie kubwa zinaitumia leo: unazunguka shimo lako kwa visima vidogo, unashusha maji ya eneo zima kwanza, ndipo unachimba pakavu.

Hiyo ndiyo sababu msingi wa mama yule ulijaa tena. Pompi ilitoa maji yaliyoonekana. Maji ya udongo wote wa kuzunguka yalikuwa bado yanasubiri zamu yao.

Kipushi: ukiacha kuvuta, yanarudi

Sasa turudi nyumbani. Kilometa karibu 30 kutoka hapa, mpakani na Zambia, kuna Kipushi. Union Minière ilianza kuchimba pale katika miaka ya 1920, na mgodi ukaitwa Prince Léopold. Kwanza ilikuwa shimo la wazi, kisha wakaingia chini. Mawe ya Kipushi yalitoa shaba na zinki nyingi. Lakini yamelala ndani ya dolomiti, jiwe lenye nyufa na mapango, ambalo maji yanapita ndani yake kama ndani ya mabomba. Kwa hiyo mgodi ule ulipaswa kuvutwa maji usiku na mchana, Noeli na Pasaka, kwa miaka zaidi ya sitini.

Kazi hiyo inakula umeme. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji, yaani litre 1,000, kutoka kina cha mita 1,000, kunataka kilowati-saa karibu 3, hata kama pompi ingekuwa haina hasara yoyote. Zidisha kwa maji ya siku nzima, kisha ya mwaka. Ndiyo sababu historia ya migodi ya Katanga haiachani na historia ya mabwawa yake: Mwadingusha kwenye mto Lufira, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1930, kisha nyingine zilizofuata.

Mwaka 1967 kampuni ya serikali, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ilichukua nafasi ya Union Minière. Mwaka 1993, katika ile miaka migumu ambayo kila familia ya hapa inaikumbuka, uchimbaji wa Kipushi ulisimama. Shaba na zinki vilibaki chini. Lakini pompi hazikuweza kusimama. Mgodi usiotoa hata kilo moja ya madini uliendelea kulipa umeme na watu, ili tu maji yasipande. Kwa miaka karibu ishirini wafanyakazi waliendelea kushuka kwa kazi hiyo moja.

Mwaka 2011 pompi zilizochoka zilishindwa, na maji yakapanda. Yalipanda mpaka yakafika karibu mita 850 chini ya uso wa ardhi, yakafunika ngazi kubwa za kazi zilizokuwa chini yake. Mwisho wa mwaka huo kampuni ya Ivanhoe kutoka Canada iliingia kama mshirika wa Gécamines, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuchimba. Ilikuwa kuvuta maji. Mwisho wa mwaka 2013 walikuwa wameyashusha mpaka ngazi ya mita 1,150, karibu mita 300 za maji. Ilichukua miaka mingine kumi na zaidi, ukarabati na ujenzi, mpaka 2024 ndipo kiwanda kipya kikaanza kutoa zinki.

Mzee jirani yangu anaposema maji yanahama tu, anasema kitu ambacho Kipushi ilithibitisha kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuyamaliza maji ya Kipushi. Waliyazuia kila siku, na siku walipopumzika yakarudi mahali pake.

Shinkolobwe: maji yaliyovutwa kwa ajili ya vita

Kuna mgodi mwingine ambao maji yake yaliingia katika historia ya dunia. Shinkolobwe uko magharibi ya Likasi. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915, na Union Minière iliichimba kwanza kwa ajili ya radiumu. Kabla ya vita vya pili vya dunia mgodi ulifungwa, na maji ya chini yakaujaza.

Mwaka 1942 Wamarekani walikuwa wakitafuta urani kwa kutengeneza bomu. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa tayari amepeleka tani karibu 1,200 za mawe ya Shinkolobwe huko New York, zikawa zinalala katika ghala la Staten Island. Wakazinunua. Walipotaka zaidi, walikuta kwamba mgodi umejaa maji. Jeshi la Marekani likatuma wahandisi wake ili mgodi ukaushwe na ufunguliwe tena, na viwanja vya ndege vikaongezwa, kikiwemo cha Élisabethville.

Urani ya Katanga ilikuwa ndani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1945. Watu wa hapa waliochimba na kubeba mawe yale hawakuambiwa ni ya kazi gani. Ninaleta habari hii kwa sababu moja: pale mwenye nguvu alipotaka mahali pawe pakavu, pesa zilipatikana, mashine zilipatikana, ndege zilipatikana. Shida ya maji haikuwa kamwe kwamba haiwezekani kuyatoa. Ilikuwa siku zote nani analipa, na kwa faida ya nani.

Waliofika na kukuta mahali pa chini tu

Mji wetu umepokea watu waliokimbia mara nyingi. Mwaka 1961, wakati wa Katanga iliyojitenga, makumi elfu ya Baluba walikimbilia kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, hapa hapa Élisabethville. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja gari. Baadaye wengine walikimbia ile sehemu ya Manono, Mitwaba na Pweto ambayo watu waliiita pembetatu ya mauti, na baadhi yao walifika mpaka huku. Na vita vya mashariki bado vinawaleta wengine.

Anayefika amechelewa hapati mahali pa juu. Mahali pa juu pana wenyewe. Anapata kando ya kijito, dembo lililogawanywa na mtu asiyeuliza chochote, kipande kilichouzwa wakati wa kiangazi kikiwa kikavu na chenye majani mazuri. Muuzaji anajua kwa nini hauzi mwezi wa pili.

Basi, ndugu zetu mliofika karibuni, haya ndiyo niliyojifunza kwa masoni na kwa wazee, na ninayatoa bure. Usinunue kabla hujaona kisima cha jirani na kuuliza maji yanafika wapi mwezi wa tatu. Ukiona matete, hayo ni mashahidi. Tazama alama za unyevu kwenye kuta za nyumba za kuzunguka. Kama unaweza kungoja, chimba msingi mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, wakati maji yako chini kabisa.

Kama lazima uchimbe wakati wa mvua, usichimbe msingi wote mara moja. Chimba kwanza shimo moja kwenye kona ya chini, refu kuliko msingi, tia mawe na kokoto ndani yake, na mfereji mdogo ulete maji pale. Pompi inywe katika shimo hilo, si katikati ya kazi. Kisha angalia maji yanayotoka. Yakiwa meusi ya matope mwanzoni, ni kawaida. Yakiendelea kuwa ya matope siku ya pili na ya tatu, simama. Maana yake unavuta udongo pamoja na maji, na udongo huo unatoka chini ya ukuta wa mtu, labda wa jirani, labda wa kwako.

Na kabla ya kuwasha pompi, fuata mpira kwa miguu yako mpaka mwisho wake.

Sheria ya zamani

Kuna kanuni ya kale iliyoandikwa katika kodi ya kiraia ya Ufaransa mwaka 1804, na Wabelgiji wakaichukua: mwenye ardhi ya chini anapaswa kupokea maji yanayoshuka yenyewe kutoka juu, lakini yale tu ambayo mkono wa mtu haukuyaleta. Ukiielewa hiyo, umeelewa karibu kila ugomvi wa maji katika avenyu zetu. Mvua ikishuka kutoka kwako kuja kwangu, sina wa kumlaumu. Ukiweka pompi na mpira, huo ni mkono wako. Kongo nayo ina sheria yake ya maji, ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2015. Lakini ofisi ni mbali, na maji hayangoji karatasi. Mara nyingi sheria ya kwanza ni mazungumzo ya ukuta kwa ukuta.

Mfereji wa nyumba saba

Nimalizie habari ya mama yule. Masoni walitaka kuendelea kumwaga betoni ndani ya maji, wakisema itakauka tu. Mzee alikataa. Alisema betoni inayooshwa na maji kabla ya kushika inapoteza simenti yake, unabaki na mchanga na mawe. Mama akaamua kusimamisha kazi. Ilimuuma, kwa sababu alikuwa analipa nyumba ya kupanga, na pesa ya msingi ilikuwa imekwisha kuliwa na pompi.

Siku ya salongo watu wa nyumba saba walitoka na jembe na koleo. Walichimba mfereji kutoka nyuma ya parseli ya mama, ukapita kando ya ukuta wa mzee bila kuugusa, mpaka kwenye kanivo ya barabara, ambayo ilibidi kwanza ifunguliwe maana ilikuwa imejaa chupa za plastiki. Ilichukua Jumamosi mbili. Wale waliotamka maneno mabaya siku ile ya kwanza walikuwepo pia, mmoja wao ndiye aliyeleta kijiko kirefu cha kuchimbia.

Mvua iliyofuata, choo cha mzee hakikujaa. Msingi wa mama ulibaki na maji kidogo chini, na aliuacha hivyo mpaka kiangazi. Mwezi wa tisa masoni walirudi, wakakuta udongo mkavu, wakamwaga betoni kwa siku mbili. Wakati ninaandika haya kuta zimefika kwenye madirisha, na mabati bado hajanunua.

Kama katika avenyu yenu maji ya shantie yamewahi kuleta ugomvi, au mmewahi kuchimba mfereji pamoja, tuleteeni habari redioni. Tutaisoma hewani kabla mvua hazijaanza, ili wengine wafungue kanivo zao mapema.